Uso wa Sinia la Assumani

Ukitaka kuoa Kasongo, kwenye mtaa wa waungwana, unaweza kukosa viatu, unaweza kukosa hata mjomba wa kukusemea, lakini usithubutu kukosa sinia la Assumani. Wali wa harusi hauwekwi mbele ya wageni mpaka sinia hilo litoke nyumbani kwa Mama Binti, limevikwa majani ya mgomba juu na chini, limefunikwa kitambaa cheupe chenye shanga, limebebwa na wanawake wawili. Nyuma yake, hatua kumi kamili, anakuja Mama Binti mwenyewe, kidevu juu, utadhani anakagua mbingu kama zimefagiwa vizuri. Akifika anapewa kiti, ananawa mikono kabla ya mtu yeyote, anamega tonge la kwanza. Ndipo na nyinyi wengine mle.

Hiyo ndiyo heshima ya nyumba. Assumani wa kwanza, babu wa babu yake, alikuja nalo kutoka pwani enzi za pembe za ndovu: shaba tupu, pana, watu wanane wanalizunguka na magoti yao hayagusani. Wako waliokuja Maniema na Kurani, wako waliokuja na bunduki. Assumani alikuja na vyote viwili na sinia juu yake. Mengine yote ya nyumba hiyo yalikwisha. Mashamba yalikwenda, duka likaenda, wajomba wakaenda Kindu wasirudi. Nyumba ina vyumba saba, na vinne kati yake mvua inaingia bila hodi. Wamebaki Mama Binti na miaka yake sabini na miwili, mjukuu wake Aicha anayeuza sabuni sokoni, na sinia.

Sinia lenyewe lina sheria. Hakuna kuuona uso wake likiwa tupu. Atakayeuona hatazaa, na kama ameshazaa basi wanawe hawatazaa. Kwa hiyo majani yanatandikwa na Mama Binti peke yake, mlango umefungwa. Kwa hiyo tena wali wake haumalizwi. Mnakula, mnafika kwenye majani, mnaacha. Baki inafunikwa kitambaa na kurudi nyumbani kwa Assumani na nyama zake. Watu wazima wenye akili zao, mwalimu wa hesabu akiwa mmoja wao, walikuwa wakiuangalia wali ule wenye mafuta na paja la mbuzi lililolala juu yake, wakiramba vidole kwa huzuni, wakanyanyuka. Nani anataka kuwa tasa kwa ajili ya paja?

Sasa nikwambie jambo, na usinikatize. Sheria hizo hazikutoka kwa Assumani wa kwanza. Zilitoka kichwani mwa Mama Binti, mwaka ule alioanza kuficha aliminiamu.

Ndiyo. Aliminiamu! Sinia lililokuwa likipita mtaani na hatua kumi nyuma yake liliyeyushwa Kabambare, na fundi wa sufuria, kutoka kwenye sufuria zilizotoboka na kifuniko cha injini ya lori. Mama Binti alikwenda huko mwenyewe nyuma ya pikipiki, siku mbili za matope, akaaga kwamba anakwenda msibani. Alimwambia fundi alifanye nene, lipate uzito wa kudanganya mabega ya wabebaji. Akarudi nalo limeviringishwa ndani ya mkeka, analia kilio cha msiba ambao haukuwapo, na majirani wakamletea pole ya unga na maharage. Alikula pole ile wiki nzima.

Alijua ni dhambi? Alijua. Lakini kila harusi ilimpa kiti mbele ya watu na chakula cha siku tatu ndani ya nyumba. Mtu mwenye vyumba vinne vinavyovuja anashika kile kilichobaki, na anakishika kwa mikono miwili. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa moja tu: Régina, mjane wa mkulima kutoka nje kidogo ya mji, Mkristo wa kanisa la asubuhi, muuza mikate ya kukaanga. Régina alijua sinia la shaba lilikokwenda. Walikuwa wameapa, kila mmoja kwa kitabu chake.

Basi Alhamisi moja jioni Aicha akarudi kutoka sokoni anakimbia, kapu la sabuni linamgonga nyonga.

"Koko! Koko, wamekutoa ku video!" akamwita bibi yake.

"Tulia, mutoto. Nani amenitoa?"

"Placide!"

Placide ni mtoto wa Régina, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye mdomo usiolala. Ana nyumba ya video karibu na soko: mabenchi, televisheni kubwa, jenereta linalokohoa, na mikro, kipaza sauti chake. Filamu zinakuja kwa lugha zozote. Placide anakaa pembeni na kuzieleza kwa Kiswahili, na kwa kweli watu wanamlipa zaidi kwa maneno yake kuliko kwa picha. Wiki hiyo alikuwa ameletewa kutoka Bukavu fleshi ya filamu za kupigana. Akaifungua, akakuta filamu moja tu, ya zamani, saa tatu nzima, ya Wazungu waliovaa nywele za bandia. Haina hata kofi moja. Lugha yake hata padri hakuijua. Na benchi zilikuwa zimejaa!

"Sasa akafanya nini?" Mama Binti akauliza, kikombe cha chai mkononi.

"Akasema ni habari yako! Iko mama mumoja muzee, mujane, nyumba yake kubwa na inavuja. Zamani mufalme alikuwa rafiki wao, sasa mufalme ameondolewa, watu wapya ndio matajiri. Lakini kila mwaka anaita wakubwa wote kula kwake, na chakula kinakuja ndani ya bakuli kubwa la fedha ya babu zake. Placide anasema, 'Huyu ni Mama Binti wa Ulaya, na ile ni sinia!' Koko, watu walicheka mpaka benchi ilivunjika."

Mama Binti akatabasamu kidogo. Kufananishwa na rafiki wa mfalme si tusi.

"Na mwisho," Aicha akaendelea, "iko tajiri mumoja mwenye kinu cha kusaga, anachukua kisu, anakwangua bakuli. Chini ya rangi kumbe iko bati!"

Kikombe kilianguka chenyewe. Chai ikamwagika kwenye mkeka na Mama Binti hakuiona.

"Bati," akasema.

"Bati tupu! Na Jumamosi saa nane ataonyesha tena, watu wote wameomba. Hata Bakari amesema atakuja."

Bakari huyo alikuwa bwana harusi. Mnunuzi wa dhahabu kutoka Lusangi, kijana mchangamfu mwenye simu mbili, na harusi yake na binti wa nyumba ya pili ilikuwa Jumapili. Jumamosi wacheke bati, Jumapili wakae mbele ya sinia na vidole vinawawasha! Mtu mmoja tu afunue jani moja, basi. Mama Binti hakulala vizuri. Aliona kisu mpaka kwenye usingizi.

Ijumaa baada ya swala alikwenda moja kwa moja kwa Régina, aliyekuwa amekaa mbele ya karai lake la mafuta.

"Weye! Umemuambia mutoto wako."

Régina akageuza mkate, akautazama ukivimba, kisha akamtazama mwenzake.

"Mama Binti, jambo kwanza."

"Jambo. Umemuambia!"

"Miaka ishirini na sita mimi nakaanga mikate, na mudomo umefungwa. Bwana yangu alikufa hajui. Padri hajui, na padri anajua dhambi zangu zote hata zile za kuwaza. Nimuambie Placide, ambaye hawezi kushika hata pumzi?"

"Basi bati amelitoa wapi?"

"Ni la Wazungu wenyewe. Unafikiri ni weye peke yako duniani mwenye sinia?"

Mama Binti akakaa kwenye kigoda. Jambo hilo halikuwahi kumpita akilini.

"Mukataze asionyeshe."

"Nikimukataza ataniuliza kwa nini. Weye unamujua." Régina akamfungia mikate miwili kwenye kipande cha gazeti. "Nenda kesho uangalie. Mutu anayekimbia jambo kabla ya kuliona anakimbia mbali kuliko inavyofaa."

Wanawake wa nyumba ya Assumani hawaingii nyumba ya video. Lakini Jumamosi saa nane kasoro, Mama Binti alijitanda kikwembe chake cha Idi, akamshika Aicha mkono, akaingia. Kelele zikakatika. Watu walihama benchi la mbele bila kuambiwa, maana heshima ina miguu hata gizani. Bakari na simu zake mbili alijisogeza ukutani. Mwalimu wa hesabu alivua kofia.

"Mabibi na mabwana!" Placide alinguruma kwenye mikro. "Leo tuna bahati! Mwenye sinia amekuja kumuangalia dada yake wa Ulaya!"

Wakacheka. Mama Binti akainua kidevu.

Filamu ikaanza. Nyumba ile ilikuwa na ngazi nyingi kiasi kwamba Mama Binti alichoka kwa kuzitazama tu. Mjane mwenyewe akatokea, mrefu, mkavu, shingo imefungwa kola mpaka masikioni. Anapita chumba baada ya chumba. Kwenye kimoja kuna beseni chini, linakinga matone ya mvua. Mama Binti akajikuta ameegemea mbele.

"Anaangalia beseni," Placide akaeleza. "Anasema, 'Ee Mungu, hata mvua imekataa kuniamkia!'"

Kicheko. Kisha wakaja watumishi wamejitwika masanduku vichwani, wanapanda ngazi, jasho linawatiririka.

"Na hawa wanaobeba munawaona? Hawa ndio sisi! Munafikiri sinia la Assumani lilikuja na miguu yake? Baba ya koko yangu, mutu wa mashamba, ndiye alilibeba ku kichwa toka pwani, na mnyororo ku shingo. Na mpaka leo kwetu hatujaitwa hata kulamba jani!"

Hapo kicheko kilitoka nusu. Benchi za nyuma, za watu wa mashamba, zilipiga makofi. Benchi za mbele zikakohoa. Mama Binti alihisi masikio yanawaka. Alitaka kukasirika na hasira ikagoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu utoto aliambiwa sinia lilikuja. Hakuna aliyewahi kumwambia lilikuja juu ya kichwa cha nani, naye hakuwahi kuuliza. Aliona aibu, na aibu ilimfanya mkali.

Kwa hiyo mjane alipowakalisha wageni mezani na Placide akamsemea, "Karibuni, muniletee na zawadi, njaa inaniuma!", Mama Binti akasimama.

"Uongo! Mwenye nyumba hataji njaa! Angalia mukono wake: anaonyesha viti. Anamukalisha yule kipofu karibu na mulango wa jikoni ili apate chakula kikiwa moto. Huoni?"

Watu wakatazama. Kweli, yule mzee alikuwa kipofu. Hakuna aliyekuwa amemwona, hata Placide, na filamu alikuwa ameshaionyesha nzima.

"Basi, mama," Placide akasema, akinyoosha mikro, meno yote nje, "sema weye!"

Alidhani atakataa. Pole yake! Mama Binti alikishika kile chuma kama anavyoshika kuku wa kuchinja, kwa shingo, akaanza. Lo, mtu yule alikuwa na maneno! Aliwaambia nani mezani ni ndugu wa nani, kwa sababu ya pua zao. Aliwaambia mke wa tajiri wa kinu amevaa gauni la kuazima, kwa kuwa halali mgongoni, na kwamba yule kijana mwenye upanga anamwogopa mama yake. Alimgombeza mpishi. Alimwambia mjane, "Dada yangu, usimupe huyo mukono, hajanawa!" Watu walilia kwa kucheka. Bakari alipiga magoti yake kwa simu. Placide akakaa chini kwenye sakafu, amesahau kwamba ile ni kazi yake.

Na katikati ya raha hiyo, bakuli likaja.

Wawili walilibeba, limefunikwa. Mama Binti alikuwa amejiandaa usiku kucha. Kisu kikikwangua, alipanga kusema kwamba ni masizi ya jikoni. Kwamba fedha ya kale ikichoka huwa hivyo. Kwamba yule tajiri ni mchawi. Uongo wote ulikuwa tayari ulimini. Tajiri wa kinu akatoa kisu. Ukumbi mzima ukaegemea mbele kwa hamu.

Ila Mama Binti alimwangalia mjane. Mjane hakuwa anatazama kisu. Alikuwa anapita na macho sahani moja moja, mgeni kwa mgeni, anaona kama wote wameshiba. Na mlangoni, kwenye mwanga wa nje, alikuwa amesimama Régina na mikono yake ya mafuta, ameacha karai peke yake motoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Akwangue," Mama Binti akasema. Sauti yake ilishuka. "Muache akwangue. Chini iko bati. Mumeshaona, mumeshacheka. Sasa mimi nauliza: nani kati yenu ameuliza fedha ilienda wapi?"

"Filamu haisemi," Placide akajibu kutoka sakafuni.

"Haisemi kwa sababu mwenye filamu hakuwa ku Nyangwe."

Jenereta lilikohoa nje.

"Mwaka wa vita," akasema, "watu wa bunduki waliingia huku asubuhi. Huyu mama munayemuona," na akamwonyesha mjane kwa kidole, "aliacha yote. Alibeba sinia. Lile la babu zake. Hakukuwa na mutu wa kumubebea, basi akajitwika mwenyewe, ku kichwa, siku tatu, mpaka ku mutoni. Njiani aliokota watoto. Wa kwake na wa watu. Tisa! Na mwanamuke mumoja wa mashamba ambaye hakumujua, aliyekuwa anatembea na damu ku miguu. Kufika Nyangwe, mwenye mutumbwi anasema sitaki pesa, pesa ni karatasi, nataka kitu. Akaona sinia. Akasema, hilo. Wanawake wawili na watoto tisa, kwa hilo."

Aicha alikuwa amemshika kikwembe.

"Katika watoto hao iko mumoja alikuwa na mwaka mumoja tu, mugongoni kwa mama yake. Alikuwa na surua. Kichwa kikubwa, mwili hakuna. Mwenye mutumbwi akasema huyo abaki, atawapa wengine ugonjwa. Mimi nikamuambia: huyo asipopanda, sinia halipandi. Akapanda. Leo amekua, ana mikro yake, anawauliza watu wazima habari za vichwa na mizigo."

Aliposema "mimi" hakujisikia. Wengine walimsikia. Placide aligeuka kumtazama mama yake mlangoni. Régina aliitikia kwa kichwa mara moja, ndiyo, na machozi yakamshuka mpaka kwenye mafuta ya mikono.

"Sinia lilikuja ku kichwa cha baba ya koko yako," Mama Binti akamwambia Placide, "na likaondoka ku kichwa changu. Basi tumebebana." Akamrudishia mikro, akatoka nje na kidevu chake. Alipofika kona ya soko, pasipo watu, akakaa juu ya jiwe mpaka Aicha alipomkuta.

Usiku huo hakumlaumu mtu. Alijilaumu mwenyewe. Ulimi gani huu, ulionyamaza miaka ishirini na sita ukashindwa siku moja? Mficha uchi hazai, wanasema. Sawa, lakini aliyeufunua anakula nini kesho? Asubuhi alitandika majani juu ya aliminiamu yake kwa mazoea tu. Alifunika kitambaa cha shanga. Akavaa, akakaa.

Saa tatu, saa ya kuja kulichukua, hakuna mtu. Saa nne, hakuna. Harufu ya vitunguu na mafuta ya moto ilikuwa inatoka nyumba ya pili, ngoma inalia, na hakuna aliyepiga hodi. Mama Binti aliondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka mapajani. "Imekwisha," akamwambia Aicha. "Kamata jembe, twende shamba, tusisikie ngoma ya watu." Hawakuwa na shamba. Aicha hakumkumbusha.

Hodi ikapigwa saa nne na nusu. Mlangoni walikuwapo wanawake wa harusi, na Régina katikati yao na gauni la kanisani, na mbele ya wote Placide amevaa koti la marehemu baba yake.

"Tumechelewa, mutusamehe," Placide akasema. Kwa mara ya kwanza hakujua aangalie wapi. "Misa ilikuwa ndefu, na niliwaomba hawa mama waningoje. Mama, leo sinia nitabeba mimi."

Mama Binti alimtazama toka viatu mpaka nywele. Angeweza kulia. Badala yake alipandisha kidevu pale kinapokaaga.

"Thubutu! Kwenu mumebeba vya kutosha. Litabebwa na mimi na Aicha. Weye utakuja nyuma, hatua kumi. Usizipunguze. Na inua hicho kidevu, unatembea sawasawa na mutu aliyepoteza sindano!"

Kasongo iliona siku hiyo jambo ambalo haikuwahi kuliona: mwenye sinia yuko mbele, anatokwa jasho chini ya mzigo, na mtoto wa muuza mikate anafuata nyuma hatua kumi na kidevu kimeinuliwa, anakaribia kuanguka kwenye mtaro kwa sababu haoni njia. Wazee wawili walimpa heshima kwa mazoea kabla hawajamtambua. Régina alicheka mpaka akashika mti.

Wakakalishwa. Placide na mama yake wakapewa nafasi ya kuzunguka sinia, na tonge la kwanza Mama Binti alilimega akampa Régina mkononi. Wali ukaliwa. Ukaliwa mpaka ukafika pale unapofika siku zote, majani yanaanza kuonekana, na mikono yote ikasimama hewani. Bakari, bwana harusi, akamwangalia mwenye sinia.

"Mama, tufike wapi leo?"

Angesema "hapo hapo" wangeacha. Hilo alilijua. Paja la mbuzi lilikuwa bado lina nyama, na ndani ya nyumba yake hakukuwa na hata kisamvu. Akatazama duara lile la nyuso, na Placide akiwa mmoja wao na mashavu yamejaa, yule wa kichwa kikubwa.

"Kuleni," akasema. "Mumalize."

Subhana! Hujaona watu wakila. Miaka ishirini na sita ya wali ulioachwa walikuwa wanailipizia kisasi. Mwalimu wa hesabu alinyanyua jani na kulikung'uta. Paja likawa mfupa, mfupa ukanyonywa, na chini, polepole, uso wa sinia ukatokea, mweupe, na bonde dogo pale fundi wa Kabambare alipokosea. Watu waliuangalia. Bibi harusi aliuangalia kuliko wote, kisha akasema kwa sauti, "Mimi nataka watoto saba," na nyumba nzima ikaangua kicheko. Bakari akapiga picha kwa simu zote mbili.

Mama Binti naye alicheka. Lakini alikuwa anatazama sinia kwa jicho lingine pia. Tupu! Hata punje! Siku tatu za chakula zimeingia matumboni mwa watu wanaocheka, na yeye na Aicha watarudi nyumbani na chuma. Wanawake walipoinama walichukue, akanyanyua mkono.

"Ngojeni! Wapi munalipeleka hivyo?"

"Nyumbani kwako, mama."

"Tupu? Nyumba ya Assumani? Nyinyi hamujui mila?" Alijikohoza. "Sinia likirudi na wali, linarudi na wali. Likirudi tupu, linakalishwa kuku. Mutetea. Muzima. Ndiyo desturi."

Watu walitazamana. Kila mmoja pale, mpaka mtoto wa kunyonya, alijua kwamba desturi hiyo ina umri wa dakika moja.

"Desturi ya tangu lini, mama?" Placide akauliza, meno yanaanza kutoka.

"Tangu Assumani wa kwanza," akasema Mama Binti, kidevu juu.

Placide akafungua mdomo, na wote wakasubiri, maana mdomo ule haukuwahi kuacha kitu kipite. Ndipo Régina akasimama na gauni lake la kanisani, akapangusa mikono.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ni shahidi. Hata ku Nyangwe tulisikia hivyo." Akamgeukia mwanawe. "Unangoja nini? Kamata kuku!"

Wakarudi jioni, jua bado lipo. Aicha mbele na sinia, Mama Binti na Régina nyuma yake wameshikana mikono kwa sababu ya mashimo, na nyuma, hatua kumi, Placide na mtetea mwekundu kwapani. Ukipita Kasongo siku ya harusi uulize kuhusu huyo kuku. Watakwambia, bila kucheka, kwamba ni mila ya mababu.